Nyuzi Sita na Wasiopewa Uzi: Historia ya Muziki katika Trolls World Tour

Filamu ya katuni ya Trolls World Tour ilitoka tarehe 10 Aprili 2020, wakati kumbi za sinema zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na kampuni ya Universal ikaamua kuikodisha moja kwa moja majumbani kwa karibu dola 20. AMC, kampuni kubwa ya kumbi za sinema, ilikasirika na kutangaza kwamba haitaonyesha tena filamu za Universal, kisha miezi michache baadaye wakapatana. Ugomvi huo uliandikwa sana kuliko filamu yenyewe, na nadhani ndiyo sababu wengi wanaikumbuka kama habari ya biashara, ilhali ni hadithi inayojaribu kuwaeleza watoto wadogo historia nzima ya muziki maarufu wa Marekani. Mimi niliitazama kwa kuchelewa, tena kwa kulazimishwa na wapwa zangu, na tangu hapo nimeirudia mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Naiandikia makala kwa sababu ilithubutu kusema jambo ambalo filamu za watoto hulikwepa, kwamba pop ilijijenga kwa mali ya wengine, kisha filamu yenyewe ikaishia njiani.

Kwa asiyeijua, wahusika ni vibwengo wadogo wenye nywele ndefu za rangi, na malkia wao ni Poppy, kwa sauti ya Anna Kendrick. Poppy anagundua kwamba watu wake, vibwengo wa pop, si peke yao duniani: yako makabila sita, yaani pop, roki, fanki, kantri, tekno na klasiki, na kila kabila linatunza uzi mmoja wa kale unaolipa muziki wake uhai. Malkia Barb wa roki anazunguka akizinyang'anya nyuzi hizo, ili azifunge zote kwenye gitaa lake na kupiga mlio mmoja utakaowageuza wote wawe watu wa roki. Babake Poppy, Mfalme Peppy, anamfungulia binti yake kitabu cha picha za kukatwa na kubandikwa, kilichorembwa kwa vumbi la kumetameta, na kumsomea kwamba hapo zamani wote waliishi pamoja, wakachoshana, wakagawana nyuzi na kutawanyika. Poppy anafunga safari ya kuwaunganisha, akiamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba muziki wote kimsingi ni ule ule, na hapo ndipo matatizo yake yanapoanzia.

Kituo chake cha kwanza cha maana ni kwa watu wa kantri, na hicho ndicho kipande bora kuliko vyote vya kuchekesha. Poppy na wenzake wanawakuta wakiimba wimbo wa huzuni, taratibu, kila mtu ametulia akisikiliza. Badala ya kusikiliza naye, anahitimisha kwamba maskini hawa hawajui kuwa muziki ni wa kufurahia, basi anaruka jukwaani na kuwamwagia mseto wa vibao vya pop, vipande vipande, bila kupumua. Wenyeji wanaduwaa, kisha wanakasirika, na wageni wanaishia kufungiwa jela. Sijaona mfano mzuri kuliko huo wa mtu anayemwokoa mwenzake ambaye hakuomba kuokolewa.

Tazama lakini nyimbo zenyewe anazoziimba kama urithi wa ukoo wake. Mmoja ni ule wa kuuliza nani amewafungulia mbwa, ambao dunia iliujua mwaka 2000 kupitia Baha Men wa Bahama, ilhali uliandikwa na Anslem Douglas wa Trinidad kwa ajili ya karnivali ya kwao mwaka 1998. Mwingine ni Gangnam Style, kibao cha Psy cha mwaka 2012, cha Kikorea kuanzia mdundo mpaka maneno. Karnivali ya Trinidad na mitaa ya Seoul zote zimeingizwa kwenye kapu la pop, na hakuna kibwengo hata mmoja anayeuliza zilifikaje humo. Watengenezaji walikuwa wanafanya mzaha, nami nilicheka. Lakini mzaha huo unathibitisha shitaka ambalo filamu yenyewe inakuja kulisoma dakika chache baadaye.

Shitaka linasomwa na watu wa fanki. Cooper, kibwengo wa miguu minne ambaye katika filamu ya kwanza ya mwaka 2016 alikuwa kituko tu miongoni mwa watu wa pop, amekwenda kutafuta walio na umbo kama lake, naye anagundua kwamba yeye ni mwana wa mfalme aliyepotea akiwa bado yai. Wazazi wake, Mfalme Quincy na Malkia Essence, wanaishi na pacha wake Prince D ndani ya mji unaopaa angani. Hao ndio wanaomweleza Poppy, kwa wimbo, kwamba kitabu cha babake kimeruka ukurasa: watu wa pop ndio waliotaka nyuzi zote ziwe zao, na wengine walitawanyika ili kuokoa walichonacho. Poppy anang'aka kwamba haiwezekani. Quincy hamkaripii, anamweleza tu kwamba kukana tofauti zilizopo ni kukana ukweli wa watu walivyo.

Sauti ya Quincy ni ya George Clinton, na hapa uteuzi wa sauti umefanywa kwa akili. Clinton ndiye aliyeongoza kundi la Parliament, ambalo mwaka 1975 lilitoa albamu ya Mothership Connection, yenye Waafrika-Wamarekani wanaosafiri angani ndani ya chombo chao wenyewe. Baadaye alikuwa akishuka jukwaani kutoka katika chombo cha kweli, chenye taa na moshi, na nakala ya chombo hicho leo imewekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian la historia ya Waafrika-Wamarekani huko Washington. Muziki wake ulikatwakatwa na kutumiwa na watayarishaji wa hip hop pengine kuliko wa mtu yeyote mwingine isipokuwa James Brown, na amepigania haki za nyimbo zake mahakamani kwa miaka mingi. Kwa hiyo mji ule unaopaa haukubuniwa ovyo, na mzee anayemwambia binti wa pop kwamba historia yake ina pengo ni mtu ambaye mwenyewe amewahi kudai chake. Mary J. Blige kama malkia na Anderson .Paak kama mwana wa kizazi cha hip hop wanaukamilisha ukoo huo: fanki imezaa, na watoto wake wanajulikana kwa majina.

Laiti filamu ingeyashughulikia makabila mengine matano kwa uangalifu huo. Wapwa zangu huuliza maswali pale tu ninapoanza kunogewa, na wakati wa onyesho la tekno mdogo wao alinigeukia. Watu wa tekno wamechorwa wakiwa na mikia ya samaki, wanaishi chini ya bahari kati ya matumbawe yanayowaka, na wanafungua filamu kwa kucheza wimbo wa Daft Punk, kundi la Wafaransa.

"Mjomba, hawa samaki ni watu wa wapi?"

Nikamwambia ni watu wa Detroit. Alinitazama kama mtu aliyedanganywa mchana kweupe, maana mle ndani hamna Detroit wala kiwanda cha magari, na hamna vijana weusi watatu wa mji wa pembeni wa Belleville, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, ambao katika miaka ya 1980 walichukua mashine za ngoma za bei ndogo na kuunda sauti ambayo Ulaya iliipenda mpaka ikasahau ilikotoka. Jambo linaloniuma ni kwamba bahari yenyewe ingeweza kuwa mlango. Kundi la Drexciya la huko huko Detroit, la James Stinson na Gerald Donald, lilijitungia ngano ya taifa linaloishi chini ya Atlantiki, uzao wa wanawake wajawazito wa Kiafrika waliotupwa majini kutoka meli za watumwa, na maelezo ya ngano hiyo yamechapishwa katika albamu yao ya The Quest ya mwaka 1997. Sidai kwamba waliochora mikia ile walikuwa na habari hizo, na wala simtegemei mtu aieleze meli ya watumwa katika filamu yenye vibwengo wa nywele za rangi. Ninachosema ni kwamba tekno iliyo baharini, ikiongozwa na mfalme mwenye sauti ya Anthony Ramos, imependeza kwa macho na haina kwao.

Kantri nayo ina uso mmoja. Meya wao ana nywele nyekundu zilizorundikwa kama mnara na sauti ya Kelly Clarkson, na mji wao ni ule wa vumbi wa filamu za kauboi. Banjo inayosikika humo ni ala ambayo watumwa kutoka Afrika Magharibi waliiunda upya katika Karibi na Marekani kwa kukumbuka ala za kwao, na mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville kilichoipa kantri makao, alikuwa DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo mweusi, mjukuu wa watumwa. Alitolewa kipindini mwaka 1941 na kuishia kung'arisha viatu. Aliingizwa kwenye jumba la heshima la kantri mwaka 2005, akiwa amekwishafariki miaka mingi. Katika mji wa filamu hii hana hata jina la duka.

Roki ndiyo inayonishangaza kuliko zote, kwa sababu imepewa uovu. Barb anataka kila mtu awe kama yeye, na babake, Mfalme Thrash, ni mzee aliyesahau nusu ya anachosema, kwa sauti ya Ozzy Osbourne, aliyefariki mwaka 2025. Osbourne na wenzake wa Birmingham, Uingereza, kabla hawajawa Black Sabbath, walianza mwaka 1968 kama bendi ya kupiga bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke wa kanisani aliyelipigisha gitaa la umeme kelele kabla roki haijapata jina, aliingizwa kwenye jumba la heshima la roki mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufa kwake. Roki ya Barb imevaa ngozi nyeusi na misumari na haina bibi. Filamu inaiona roki kama dola inayoteka wengine, jambo lenye ukweli ndani yake, ila inasahau kutaja ni nani aliyetekwa kwanza.

Mtu akiziweka nyuzi hizo sita kando kando atagundua kwamba uliokosekana ni wa bluzi. Hakuna kabila la bluzi, hakuna la nyimbo za injili, hakuna la rege, na jazi imekuja kama kichekesho, kibwengo mmoja anayewalevya watu kwa saksafoni laini. Ukiondoa bluzi na kanisa la watu weusi katika ramani ya muziki wa Marekani, makabila mengine yanabaki yamesimama kama nyumba za jirani zisizo na ukoo wa pamoja, na tofauti zao zinaonekana kuwa za kuzaliwa, kama miguu minne ya fanki na mikia ya tekno.

Historia haikwenda hivyo. Mwaka 1920 Mamie Smith alirekodi Crazy Blues kwa kampuni ya Okeh, santuri zikauzwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia, na kampuni za kurekodi zikaona kwamba watu weusi nao wananunua. Zikaanzisha orodha za pekee zilizoitwa santuri za watu weusi, na upande wa pili orodha za wazungu wa mashambani, ingawa wapigaji wa pande zote mbili walikuwa wakibadilishana nyimbo, mitindo ya vidole, na hata mapato ya barabarani. Mwanamuziki mweusi aliyejua nyimbo za fidla alirudishwa nyumbani au akaambiwa apige bluzi. Mpaka mwaka 1949 jarida la Billboard lilikuwa likiita chati yake ya muziki wa watu weusi kwa jina la rangi yao, ndipo likaibadilisha kuwa Rhythm and Blues. Tofauti ambazo Quincy anazitetea, tena kwa haki, kwa sehemu kubwa zilichongwa dukani, na hicho ndicho kisa ambacho kitabu cha Peppy na wimbo wa fanki vyote viwili vimekiacha. Kitabu kinasema watu walichoshana. Wimbo unasema pop iliiba. Hakuna anayemtaja mwenye duka, na huenda si ajabu sana, kwa kuwa filamu ni ya mwenye duka.

Kuna tabaka jingine, la wasiopewa uzi kabisa. Barb anawakodi wawindaji wa kumkamata Poppy, nao ni K-pop, regetoni, waimbaji wa milimani wa Ulaya na yule wa jazi laini, akiwaahidi kwamba atakayefaulu ataachiwa muziki wake. Kundi la Red Velvet kutoka Korea na J Balvin kutoka Kolombia wametoa sauti zao, na ni wazi kwamba waliletwa ili watoto wa Seoul na Medellín wapate pa kupiga makofi. Nafasi waliyopewa ni ya kupigania posho ya kuendelea kuwepo. Mhusika wa Balvin anaitwa Tresillo, na jina hilo, kwa wapigaji wa Kuba, ni la mdundo wa pigo tatu, tatu na mbili ambao watumwa waliuvusha kutoka Afrika. Mdundo huo uko kwenye regetoni, uko New Orleans, na ulirudi nyumbani pia: kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri za Kuba zenye herufi GV, zikasikilizwa Kinshasa na Brazzaville mpaka rumba ya Kongo ikazaliwa, na kutoka huko mpaka kwenye kumbi zetu za dansi, Dar es Salaam, Tabora na Morogoro. Msikilizaji wa Kiswahili anautambua kwa nyonga kabla hajaujua kwa jina. Katika filamu inayotaja kila kona ya dunia ya muziki, Afrika iko kwenye kila wimbo na haina kibwengo hata mmoja.

Naweza kuambiwa kwamba katuni si darasa. Nakubali, lakini katuni zimeshafanya zaidi ya kusahau. Solomon Linda alirekodi wimbo wa Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa shilingi 10. Alikufa mwaka 1962 akiwa fukara, mwaka mmoja tu baada ya kundi la Tokens kuufanya kibao kikubwa Marekani, na mwaka 1994 nguruwe na nguchiro wakauimba katika The Lion King. Familia yake ilibidi ifungue kesi mwaka 2004, na mapatano yakafikiwa mwaka 2006. Mtoto anayeujua wimbo huo kupitia nguchiro hajafundishwa lolote la uongo. Amepewa tu wimbo usio na mtu.

Kuhusu sauti zenyewe sina malalamiko mengi. Kondakta Gustavo Dudamel wa Venezuela kuwa kiongozi wa watu wa klasiki ni uteuzi uliofikiriwa, hata kama watu wake wamebaki kuwa malaika weupe wanene wa dari za makanisa. Justin Timberlake, aliye sauti ya Branch, mwenzi wa Poppy, na msimamizi mkuu wa muziki wa filamu, alijenga kazi yake ya peke yake juu ya midundo ya watayarishaji weusi Timbaland na Pharrell Williams. Basi shitaka la fanki dhidi ya pop lilipita mezani kwake, naye akaliacha lipite, jambo ambalo nalihesabu kwa upande wake. Lakini mwenye sauti hachori ramani. Ukiangalia Soul, filamu ya Pixar ya mwaka huo huo wa 2020, ambayo nayo ina kasoro zake na si kidogo, utaona vidole vya mpiga piano vikigusa funguo zilizo sahihi, kwa sababu wachoraji waliitazama mikono ya Jon Batiste akipiga kweli. Jazi ile ina mtaa, ina kinyozi, ina mama anayeshona nguo na kuuliza mshahara uko wapi.

Mwisho wa Trolls World Tour unakaribia sana kuniridhisha. Nyuzi zote zinaharibika, vibwengo wanapoteza rangi, kimya kinatanda, kisha moyo wa Cooper unasikika ukidunda na wengine wanaongeza sauti zao juu ya mdundo huo mpaka rangi zinarudi. Kwamba muziki unaanza upya kutoka kifuani mwa mtoto wa fanki aliyelelewa na pop si bahati nasibu, na aliyeandika kipande hicho alijua anachokifanya. Ila makabila yanarudishiwa muziki bila yeyote kurudisha kitu. Poppy anasikiliza, anakumbatiwa, na deni linafutwa na wimbo wa pamoja ambao, ukiusikiliza vizuri, ni wa pop.

Filamu ya tatu ilitoka mwaka 2023 na kuhamia kwenye bendi za vijana wa kiume na kaka wa Branch waliotengana. Wizi umo tena, safari hii ukifanywa na Velvet na Veneer, ndugu wawili wasio na kipaji waliomfungia mmoja wa kaka hao ndani ya chupa ya manukato ya almasi ili wamnyonye sauti yake na kuwa mastaa. Wanaumbuliwa jukwaani na kukamatwa. Kosa la ukoo mzima wa pop limekuwa kosa la wahuni wawili, na kitabu cha Mfalme Peppy hakifunguliwi tena.